Mrija Mkavu wa Akongo

Muuza pombe mwembamba hapati mteja Busia, hata asindikizwe na malaika. Watu wa hapa mpakani, kati ya Kenya na Uganda, wana akili zao: mpishi akikonda, ama chakula chake ni kibaya, ama anakiogopa mwenyewe. Ndiyo maana Akongo, mjane wa Ikiring, hakuwahi kuhitaji kibao mlangoni. Mwili wake ulimtangaza. Alipopita barabarani na debe la maji kichwani, vazi lake la gomesi likimbana huku na huku, wanaume waliotoka kuchambua pamba walijua kwa mwendo wake tu kama jioni ile kuna chungu au hakuna.

Alizaliwa upande wa Tororo, mahali ambapo watu huutazama ule mwamba mkubwa wa mjini asubuhi kabla ya kuamua kama wataanika nafaka. Mama yake alikuwa mpika ajon, ile pombe ya wimbi, yaani ulezi, ambayo Wateso hunywa kwa mirija mirefu wakikizunguka chungu kimoja. Wasamia huiita malwa na kuinywa vilevile, bila ugomvi wa jina. Akongo alijua kuotesha wimbi, kuufukia unga shimoni uchachuke, na kuukaanga mpaka ukanukia, kabla hajajua kusuka nywele. Akaolewa Busia na Ikiring, utingo wa lori la pamba, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Walipata mtoto mmoja wa kiume. Homa ikamchukua Ikiring, na mtoto alipokua akaenda Jinja kutafuta kazi, akaipata, na Jinja ikammeza mzima mzima. Nyumbani wakabaki Akongo na chungu chake.

Usimwonee huruma bado, huruma iweke, utaihitaji mbele. Jioni ua wake ulijaa. Kila mnywaji alikuwa na pahali pake na mrija wake, uliochomekwa kwenye nyasi za paa ukimngoja. Okochi, aliyeleta samaki wakavu kwa baiskeli kutoka Majanji ziwani, alikaa kushoto kwake na kumwita shemeji, ingawa baina ya koo zao hajawahi kuvuka hata kuku wa mahari. Nashon, karani wa pamba, alikaa mkabala, tai shingoni, akilalamikia joto. Akongo mwenyewe alikaa kwenye kigoda kipana ambacho Ikiring alimchongea wakati wa uhai wake, akisema vya dukani vitamwaibisha.

Chungu kikishawekwa na maji ya moto kumiminwa, hakuna aliyegusa mrija mpaka yeye aonje. Hiyo ni desturi, nayo haina mchezo. Mwenye pombe huvuta kwanza, mvuto mrefu, watu wakimtazama koo, ijulikane kwamba hakuna mkono mbaya ulioingia humo. Akongo alivuta, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Karibuni, leo hamfi." Wakacheka. Jioni zote walicheka kwa maneno hayohayo, na yeye aliipenda saa ile kuliko kitu chochote duniani. Ilikuwa mume wake, mtoto wake, na Mungu amsamehe, hata kanisa lake.

Ugonjwa ulianza kama moto mdogo chini ya kifua. Akaramba magadi, ukatulia. Ukarudi, akaramba tena. Miaka ikapita hivyo, na hakumwambia mtu, kwa sababu nani atakunywa kwa mwanamke anayejishika tumbo? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Asubuhi moja ya mwaka 1968 Okochi alipita kumwachia samaki, akamkuta ameegemea ukuta wa jiko, matapishi meusi miguuni, macho yamezama. Alisimamisha lori lililokuwa likielekea Tororo, akamsukuma Akongo juu kwa bega lake mwenyewe, na dereva akasema kwa mzigo huu springi zitalia. Akongo alicheka, akiwa katika hali ile.

Hospitalini walimpima wakamwambia ni kidonda cha tumbo, kimekaa sana, kimeziba njia ya chakula, na dawa yake ni kisu. Hapa ndipo mimi nina ugomvi na Akongo, na si naye peke yake. Mtu wetu akienda mnadani kununua mbuzi, atamfungua mdomo, atamwinua mkia, atauliza mama yake alizaa mapacha mara ngapi. Lakini akiambiwa atapasuliwa tumbo lake mwenyewe, ambalo hana lingine, anauliza swali moja. Akongo alimwuliza daktari, "Nitapona?" Daktari akasema atapona. Akaweka kidole gumba kwenye wino, basi. Hakuuliza watatoa nini na watabakiza nini. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini nadhani hawakusema kwa sauti ya kutosha.

Wakakata sehemu kubwa ya tumbo, kilichobaki wakakiunga na utumbo. Aliamka akiwa na mstari wa nyuzi kuanzia kifuani mpaka kitovuni, kama gunia lililoshonwa. Mchana ndugu za wagonjwa wengine walijaa wodini na vikapu, wakikaa hata ukingoni mwa kitanda chake, kwa kuwa kilikuwa hakina wageni. Aliwapisha miguu. Okochi alikuja siku moja na samaki aina ya ngege, aliyekaushwa kwa moshi na kufungwa kwenye jani la mgomba, na kwa vile alikuwa bado haruhusiwi kula, Akongo alimnusa tu, akamrudishia. Okochi alipoondoka, alilia chini ya blanketi, kimya kimya, kwa kuogopa kushtua nyuzi.

Nyuzi zilipotolewa, daktari alimwambia asiondoke mpaka Jumatatu. Sista Benedeta, muuguzi wa wodi, atakaa naye amweleze namna atakavyokula na kunywa kuanzia sasa, maana mambo hayatakuwa kama zamani. Akongo akaitikia vizuri kabisa. Lakini nyumbani alikuwa ameacha unga wa wimbi shimoni, nao ukikaa mno unaoza. Akajitazama tumboni: ngozi imeshikana, hakuna usaha, hakuna damu. Kwa akili yake, na kwa akili ya wengi wetu, jeraha likifunga ugonjwa umekwisha. Kumebaki kufundishwa nini? Kula? Mtu mzima aliyelisha nusu ya Busia afundishwe kula? Jumapili, wagonjwa wenzake wakiwa kwenye sala, alivaa gomesi yake, akafunga leso kiunoni, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Siku ya kwanza nyumbani alijipikia ugali wa wimbi na samaki, akaukata ule mlima kama alivyouzoea. Kabla hajaumaliza, moyo ulianza kumkimbia. Jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, macho yakaingia giza, tumbo likasokota, akatambaa mpaka mkekani akalala hapo akingoja kufa. Hakufa. Kesho yake akala tena vilevile, ikawa vilevile. Akajiambia ni udhaifu wa hospitali, utaisha. Haukuisha. Ikawa anaogopa sahani. Akawa anamega matonge madogo kwa kujificha, mlango umefungwa, yeye ambaye hajawahi kula bila mtu wa kumwambia "karibu."

Na mwili ukamwacha. Uliondoka mashavuni, ukaondoka mikononi, gomesi zikawa zinaning'inia kama ziko kwenye msumari. Busia nayo haina siri. Wakasema Tororo wamemkata unene wakaubakiza wao. Wengine wakasema amerogwa. Wengine, wenye roho mbaya zaidi, wakasema mchawi akila watu bila kugawa, nyama humrudi. Jirani alipofiwa, Akongo alikwenda matangani kama kawaida, wakamletea chakula, akakigusa kwa kidole akakisogeza kando. Kwetu ukikataa chakula cha mtu umemwambia usoni kwamba anaweza kukuua. Yule jirani alikichukua kile chakula, na tangu siku hiyo hakumsalimu.

Pamoja na hayo yote, alipika pombe. Aliona chungu kikirudi uani, mambo yote yatarudi. Jioni ile walikuja wote. Walimtazama, wakatazamana, lakini mirija waliitoa paani. Okochi akasema, "Shemeji, wewe nabaki mifupa, lakini kama mkono iko sawa sisi hapana lalamika." Wakacheka kidogo. Maji ya moto yakamiminwa. Akongo akakaa kwenye kigoda chake, ambacho sasa kilikuwa kipana mno, akaushika mrija akavuta, mvuto mrefu kama wa zamani, labda mrefu kuliko wa zamani, kwa sababu alitaka waone.

"Karibuni," akasema, "leo hamfi."

Wakaanza kunywa. Nashon alikuwa katikati ya hadithi ya bosi wake na mizani, hali ile ilipomrudia Akongo. Kwanza moyo, halafu jasho. Akongo aling'ang'ania kigoda kwa mikono miwili. Akataka kusema "si kitu," ulimi ukawa mzito. Akaanguka ubavu mbele ya chungu, macho yamegeuka, mrija wake ukamwangukia kifuani.

Sitawalaumu waliokimbia. Wewe ungefanya nini? Mwonjaji ameonja, mwonjaji ameanguka, na pombe unayo tumboni. Nashon alikuwa kwenye uzio, tai imerushwa begani, vidole viwili kooni. Mwingine alikwenda kubisha hodi kwa watu akiomba maziwa. Mwingine aliomba mayai mabichi, akayanywa na vipande vya maganda. Kigoda kimoja kilivunjwa kwa kukanyagwa. Akongo alipopata fahamu alikuwa kwenye vumbi. Okochi peke yake alikuwa amebaki, amesimama mbali, langoni, ameshika baiskeli yake.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "kitu gani wewe naweka ndani?"

Swali lile lilimwumiza kuliko kisu. Okochi akalingojea jibu, halafu akapanda baiskeli akaenda.

Hakuna aliyekufa, hata hivyo hakuna aliyerudi. Pombe ile aliimwaga chini ya migomba. Watu wakahamia kwa Maloba, ng'ambo ya barabara, ambaye pombe yake, tuseme ukweli, ilikuwa maji yaliyosikia habari za wimbi. Jioni zikaanza kuwa ndefu. Akongo alikaa mlangoni akisikiliza vicheko vyao vikivuka barabara, akimtambua kila mtu kwa kicheko chake: huyu Nashon, anacheka kwa pua, huyu Okochi, anachelewa kucheka halafu anazidisha. Mirija yao ilikuwa bado paani mwake. Hata mirija hawakuja kuichukua. Alikuwa mpweke, siwezi kulipamba neno hilo. Aliongea na sufuria. Usiku alimwambia Ikiring amfuate, na Ikiring, ambaye hata hai alikuwa si mtu wa haraka, hakuja.

Kilichomrudisha Tororo ni miguu. Ilianza kumtetemeka akisimama, kucha zikapauka. Akapanda basi peke yake. Sista Benedeta, mwanamke wa Dabani mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alimtambua tangu mlangoni.

"Wewe mama! Ulikimbia. Jumatatu mimi nilikuja na kiti yangu, nikakuta kitanda."

"Nisamehe, mwanangu."

"Kaa chini. Leo hapana kukimbia."

Akongo akakaa, akaeleza yote, hata habari ya chungu. Benedeta alisikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akachukua ndoo iliyokuwa pembeni na kikombe cha chai, akaviweka mbele yake.

"Tumbo yako ya zamani ilikuwa hii ndoo. Sasa ni hii kikombe. Ukimimina ndoo kwa kikombe, itaenda wapi?"

"Itamwagika."

"Basi ndiyo hiyo. Inamwagika yote mara moja kwa utumbo, na mwili inashtuka. Moyo inakimbia, jasho inatoka, wewe naanguka. Hapana uchawi, hapana sumu. Sasa utakula kidogo, halafu baadaye kidogo tena, na utatafuna mpaka iwe uji mdomoni. Maji hapana pamoja na chakula. Ngoja, kisha unywe pole pole. Sukari nyingi, uji tamu, hiyo itakuangusha. Ikikushika, lala chini, itapita. Na damu yako inapungua kwa sababu tumbo ile tulitoa ndiyo ilisaidia kuitengeneza. Utakuja hapa kwa sindano. Si mwaka huu tu, mama. Maisha yote."

"Na mwili wangu? Utarudi?"

"Kidogo. Ile ya zamani, hapana."

Akongo akaikusanya gomesi iliyompwaya. Halafu akauliza kile alichokuja kukiuliza.

"Na pombe, sista?"

"Pombe hapana. Kwa tumbo hiyo pombe inaingia damu kama umechomwa sindano. Utakuwa unaanguka kila siku, na siku moja hutaamka."

Aliuona uso wa Akongo ukiporomoka, akajaribu kumchangamsha. "Wewe nalia kukonda, na daktari anasoma kwa vitabu vyake kwamba huko Marekani watu wanene sasa wanakatwa tumbo makusudi ili wakonde."

"Makusudi?"

"Makusudi kabisa. Hapana kidonda, hapana nini."

Akongo alicheka mpaka akajishika kovu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya lori. "Na hao wanaambiwa watakula namna gani?"

"Natumaini wanakaa mpaka Jumatatu."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kilipoisha, Akongo alikitazama kile kikombe.

"Na watakula na nani?" akauliza.

Benedeta alikuwa mtu mkweli. "Hiyo haiko kwa mafunzo yetu, mama," akasema, akaenda kutafuta sindano.

Nami naongeza langu hapo, kwa yeyote anayekwenda kukatwa tumbo, awe ametaka mwenyewe au amelazimishwa na kidonda. Uliza nini kitatolewa, uliza utakula vipi, uliza sindano ni za mpaka lini. Halafu ukirudi, waite watu wako uwaambie, kabla hawajajiambia wenyewe. Akongo alijificha, na uvumi haupendi nafasi tupu.

Aliporudi Busia alipika tena. Kimea, shimo, kikaango, yote kwa mikono iliyokonda na kwa kupumzika njiani, akila vitonge vyake pembeni ya moto. Harufu ya unga unaokaangwa ikavuka barabara. Jioni akaweka chungu uani, akamimina maji ya moto, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alivuka mwenyewe mpaka langoni kwa Maloba. Wanaume wakaacha kuvuta.

"Mimi nilikatwa tumbo," akawaambia. "Nilibakishwa kipande kama kikombe. Siku ile niliangushwa na tumbo langu, si pombe yangu. Nilitakiwa kuwaambia, nikaona haya. Sumu sina. Chungu kiko pale."

Akageuka akarudi. Alisimama kando ya chungu, mikono haina kazi. Baada ya muda walikuja, lakini walikomea kwenye uzio, kwa sababu maneno ni maneno na desturi ni desturi. Nani anaonja? Nashon akaliuliza kwa sauti. Akongo akasema kweli: yeye hawezi, wala hataweza tena.

Nashon akaanza kugeuka. Okochi ndiye aliyeingia. Alikuwa hamtazami Akongo, labda kwa aibu ya lile swali lake langoni. Alinyoosha mkono paani, akauacha mrija wake mwenyewe, akachukua ule wa Akongo. Akakaa kwenye kigoda kipana cha Ikiring. Akavuta mvuto mrefu, watu wote wakimwangalia koo. Akafuta mdomo. Wakangoja. Chungu kikapungua mvuke, wakaongeza kungoja, na Okochi akawa anawaambia kwamba akifa, samaki wake wapewe Maloba, maana hata kuoza kwao kutaongeza ladha kwa pombe yake. Mtu mmoja akacheka. Okochi akasema, "Karibuni, leo hamfi."

Wakaingia. Mirija ikatoka paani, vigoda vikasogezwa, na mara ua ukawa umejaa kama zamani, vicheko vilevile, Nashon na joto lake. Akongo akachukua birika akasimama nyuma yao. Alikuwa ameyapigania haya na ameyapata. Lakini maneno yake yalikuwa yametoka kwa mdomo mwingine, na kigoda chake kilikuwa na mtu. Aliwaangalia migongo, duara zima la migongo, akatamani arudi ndani afunge mlango.

Okochi akainuka. Akasukuma kigoda kipana nyuma kidogo, akavuta kile chake cha zamani cha kushoto, akakaa.

"Shemeji, njoo."

"Nimekatazwa."

"Nakatazwa kuvuta. Kushika pia nakatazwa?"

Akongo akaweka birika chini, akaja akakaa. Okochi akamrudishia mrija wake, ncha yake ikiwa imezama chunguni pamoja na mingine. Akongo akauweka mdomoni, bila kuvuta. Kupitia mwanzi ule alisikia wenzake wakivuta, sauti ndogo ya maji yanayopanda, huku na huku, kila mtu na wake. Hadithi ya bosi na mizani ikamaliziwa hatimaye, akacheka panapochekwa. Alikuwa katikati yao, na alikuwa peke yake, na alijua ndivyo itakavyokuwa siku zote alizobakiza. Akaushika mrija hivyo, mkavu, mpaka chungu kikaisha.